Nguruwe wa Tajiri Kando ya Tana

Mama ndiye aliyenituma. Ulikuwa mwaka wa pili tangu mvua za El Niño, na habari zilizotufikia nyumbani Waberi, mjini Garissa, zilimkosesha usingizi: watu wa kijiji cha kaka yake, Abti Dhahir, walisema yeye ndiye aliyewaletea balaa na ni lazima aondoke.

"Nenda umlete kabla hawajamdhuru," aliniambia. Shule ninakofundisha ilikuwa imefungwa, basi sikuwa na udhuru.

Abti, yaani mjomba wangu, alikuwa mlinzi wa wanyama wa tajiri mmoja kutoka nje, aliyejijengea bustani yake kando ya Tana. Alileta ndege wa rangi, nyani wa nchi za mbali, na nguruwe weusi wenye manyoya mazito. Tajiri aliondoka ghafla, na wanyama wengi wakafa. Mafuriko yalipoingia, abti alilifungua zizi la nguruwe ili wasizame.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa Garissa penye malori. "Banda, mwalimu, gari inatoka!" aliniita dereva, ambaye kila p kwake ilikuwa b. Nikaketi juu ya magunia ya sukari. Tulipopumzika njiani, aliniuliza ninakokwenda. Nilipomtajia kijiji, aliacha kutafuna miraa.

"Huko usitembee beke yako. Hata mchana."

Nilidhani anazungumzia majambazi.

"Jambazi anaogoba watu wengi," alisema. "Ile kitu haiogobi."

Saa nane nilishuka barabarani nikashika njia ya mtoni kwa miguu. Mashamba ya migomba niliyoyajua tangu utoto yalikuwa yamefukuliwa, mizizi juu, kama yamelimwa na mwendawazimu. Sikuona mtoto hata mmoja majini. Nilianza kutembea haraka, na ndipo niliposikia pumzi nzito kwenye kichaka cha mswaki.

Ngiri wetu akikuona hukimbia, mkia juu. Huyu alisimama. Alikuwa jike, kimo chake kikinifika kiunoni, na nywele za mgongo wake zikapanda polepole. Nyuma yake vitoto vyenye milia vilikuwa vikichakura. Niliukumbatia mkoba wangu. Nilianza dua niliyoihifadhi tangu madrasa, nikasahau inavyoendelea.

"Abti, usikimbie." Sauti ilitoka nyuma yangu. Kwetu mjomba humwita mpwa wake kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Usimpe mgongo. Rudi kinyumenyume."

Abti Dhahir alinipita akiwa na fimbo tu. Alitamka maneno mawili ya lugha ya yule tajiri, yale aliyotumia wakati wa kuwalisha. Jike akakoroma, akaingia kichakani na watoto wake.

"Anakujua?" nilimuuliza.

"Huyo alikuwa zizini. Waliozaliwa nje hawanijui, na ndio wengi."

Jioni alinipeleka kwa jirani yake, Bare. Mke wa Bare, Kaltuma, alikuwa amelala kitandani, mguu umefungwa vitambaa kutoka goti hadi pajani. Alikuwa amekwenda kuteka maji tu.

"Mwalimu, mchukue abti yako," Bare aliniambia. "Sina ugomvi na ukoo wenu. Lakini kila nikiutazama mguu huu, namwona yeye ameshika lango la zizi."

Nilimgeukia mjomba. "Sema kitu."

"Niseme nini? Ni kweli." Akatazama chini. "Maji yalikuwa yamewafika shingoni. Walikuwa wanalia kama watoto wachanga, walaahi."

Kaltuma alifunga macho.

Jumatano tuliondoka. Abti hakubisha, vitu vyake vyote vilitosha kwenye fundo moja. Adhuhuri, hata nusu ya njia hatujafika, lori lilisimama kwenye kijiji kidogo ili dereva aongeze maji kwenye rejeta. Abti alishuka mtoni kutawadha. Kabla hata hajanawa uso, aliniita.

Kwenye matope palikuwa na nyayo kubwa, zikiwa zimezungukwa na nyayo ndogo nyingi. Maji yalikuwa bado yanachuruzika ndani yake.

"Wamefika huku," alisema. "Wanapanda na mto."

Mwanamke aliyekuwa akiosha vibuyu vya maziwa karibu nasi alicheka. "Ni ngiri tu, mzee."

"Si ngiri. Watoto wenu wanateka maji wapi?"

Mwanamke alionyesha pale pale tuliposimama. Kicheko kikamtoka usoni.

Abti alipanda hadi kwenye lori, akateremsha fundo lake.

"Mama nitamwambia nini?" nilimuuliza.

"Mwambie hawa hawajui kuzungushia ua. Miiba peke yake haitoshi, nguruwe wanachimba chini yake. Lazima gogo lizikwe dhiraa nzima." Kisha akamrudia yule mwanamke, na kabla hajaulizwa lolote akasema, "Mimi ndiye niliyewafungulia."

Mwanamke alikiweka kibuyu chini. Akamwonyesha mahali lilipo panga la kukatia magogo.

Nilifika Garissa peke yangu. Nilikuwa nimetumwa kumtoa mtu hatarini, nikidhani hatari ina kijiji chake na ukiondoka umeiacha. Sasa najua inatembea, na upande inaoelekea ni huku kwetu. Hadi leo nikishuka mtoni, hutazama matope kwanza.