Barua Iliyofungwa Nusu

Isabirye, fundi wa kompyuta wa kampuni moja ya unga huko Jinja, alipokwenda tawi la Mbale kuwafundisha wafanyakazi kufunga barua pepe, alisimama kifua mbele.

"Siri ya mfanyakazi ni haki yake!" alisema. "Ukibonyeza kufuli hili, atakayesoma ni yule uliyemwandikia tu. Hata mimi siwezi."

"Hata wewe, afande?" aliuliza Nabalayo, karani wa ghala.

"Hata mimi."

Wakacheka, wakambandika jina: afande wa kufuli. Alilipenda.

Nabalayo akamwamini. Alimwandikia Brendah, mkuu wa wafanyakazi kule Jinja, na barua akaifunga. Ila aliiandika kama barua zote za ofisi, jambo lenyewe likitangulia juu kwa herufi kubwa: OMBI LA KUTOPANDA JUU YA MAGUNIA KWA SABABU YA KIFAFA. Kufuli hufunga maneno ya ndani. Kichwa cha barua hubaki wazi. Isabirye alilijua hilo. Hakulisema.

Siku ya mkutano wa kampuni kule Jinja, Brendah aliwasha kompyuta yake, picha ikatokea kubwa ukutani, na tawi la Mbale likitazama kwa video. Vichwa vya barua zake vikajipanga pale, cha Nabalayo kikiwemo. Kila mtu akasoma.

Mkurugenzi alipouliza pale pale imekuwaje, Isabirye alijibu upesi, "Mtumiaji amekosea."

Alipotumwa Mbale kurekebisha, maneno hayo yalimrudia njia nzima. Alifika saa ya chai. Vikombe vya wengine vilikuwa mezani pamoja. Nabalayo alikaa peke yake mwisho wa benchi, kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, kisije kikachanganywa na vya watu.

"Karibu, afande wa kufuli," alisema bila kumtazama. "Leo umekuja kufunga nini?"

"Dada, nisamehe. Nitasimama mbele yao. Nitawaambia kifafa hakiambukizi, nitawaambia..."

"Usimame na ugonjwa wangu mdomoni tena? Hapana."

Isabirye akanyoosha mkono akishike kile kikombe, anywe, waone wote. Nabalayo akakivuta.

"Usiioshe aibu yako kwenye chai yangu."

Kule mezani mtu alikohoa, mwingine akacheka chinichini.

"Basi nifanye nini?" aliuliza Isabirye.

"Kule Jinja ulisema nani amekosea? Tulikusikia. Video ilikuwa bado haijazimwa."

Isabirye akaketi upande wa pili wa benchi.

"Andika upya jibu lile," alisema Nabalayo. "Jina langu usilitaje."

Isabirye akatoa simu, akaandika pale pale benchini, kwa wafanyakazi wote, Jinja na Mbale, mkurugenzi akiwemo. Juu, kwa herufi kubwa: ALIYEKOSEA NI FUNDI. Chini akaeleza ni sehemu gani haifungwi, na kwamba aliwaficha kwa uzembe wake. Kufuli hakuligusa.

Simu za wale waliokaa mezani zikaanza kulia, moja baada ya nyingine. Isabirye hakuinua kichwa. Nabalayo alimaliza chai, akaosha kikombe chake, akakiweka dirishani, mbali na vingine.