Mkalimani wa Baraza la Tukuyu

Nilianza ukalimani bomani Tukuyu, enzi za Mwingereza. Siku ya kwanza Bwana DC, mkuu wa wilaya wa wakati ule, alinikalisha kuliani kwake akasema, "Hapa hutoi maoni. Unafikisha maneno tu." Nikakubali. Mkalimani hapunguzi neno wala halitii sukari, hata likimchoma mdomo.

Baraza la wilaya lilikuwa na machifu, pamoja na wajumbe waliochaguliwa na wananchi. Siku moja Bwana DC akaleta azimio: baraza litamke kwamba watu wa wilaya yetu ya Rungwe hawajawa tayari kujitawala. Machifu wakainamisha vichwa. Akasimama Ambakisye, mjumbe wa Kyimo, mkulima wa kahawa na ndizi, akasema kwa Kinyakyusa.

"Anasema nini?" DC akaniuliza.

"Anasema walijitawala kabla babu yako hajaijua njia ya kuja huku. Anauliza, aliyewapima akaona hawatoshi ni nani?"

"Mwambie akae."

"Tata," nikamwambia, yaani baba kwa Kinyakyusa, "Bwana DC anasema ukae."

"Mwambie nitakaa akishaondoka yeye."

Nalo nikalifikisha kama lilivyo.

Wajumbe wakapiga makofi, azimio likakwama. Polisi wakamchukua Ambakisye, eti mchochezi. Mimi nikahamishiwa kituo cha mbali, nikawekwa mlangoni kupokea wageni. Ambakisye alitoka gerezani akikohoa, na baridi ya kwetu haimhurumii mwenye kifua.

Uhuru ulipofika nilirudishwa Tukuyu kutafsiri hotuba za sherehe. Viti vya mbele walivikalia machifu wale wale walioinamisha vichwa. Ambakisye alisimama nyuma ya kamba, mvua ikimnyeshea. Nikamwendea mkuu mpya, Mwafrika mwenzetu.

"Mzee yule pale ndiye aliyelikataa azimio la DC. Alifungwa kwa ajili hiyo."

"Mbele ni pa viongozi," akanijibu bila kugeuka.

Ambakisye hakumaliza masika yaliyofuata. Bomani hakutoka mtu kwenda Kyimo kuzika.

Nimestaafu zamani, naishi mtaa wa Msasani wa hapa hapa mjini Tukuyu, na hasira ile ninayo bado. Huwa wananiita kwenye sherehe nieleze jinsi Uhuru "ulivyoletwa". Mara ya mwisho, mshereheshaji aliniinamia akanong'ona, "Babu, ya kufungana tuyaache, leo tuna wageni."

Nikamrudishia kipaza sauti chake. Nikapanda bajaji hadi Kyimo, kwa wajukuu wa Ambakisye. Hawakujua hata kwamba babu yao aliwahi kufungwa. Tukakaa migombani, nikawasimulia yote kwa Kinyakyusa, kama alivyoyasema.