Safari ya Kumfuata Tabita Ugogo

Nilikwenda Ugogo kumchukua mtoto, na neno hilo naliweka mbele ili mtu wa hapa nyumbani asije akadhani nilikwenda kutembea. Mdogo wangu Danieli ni mwalimu kule, katika shule ndogo ya Kikristo njia ya kwenda Haneti, na mwaka ule mvua ilikuwa imewanyima kwa mara ya pili. Jirani yetu mmoja anayefanya kazi ya reli alifika Dodoma akaonana naye. Aliporudi akatuambia mwalimu ni mzima, mkewe Rebeka ni mzima, lakini Tabita, binti yao wa pekee, amekonda mpaka shingo inabeba kichwa kwa shida. Mama yangu aliposikia hakulia. Alinitazama tu, kisha akasema, "Wewe ni mjane, huna mume wa kumwomba ruhusa. Nenda kaniletee mjukuu wangu. Usirudi mikono mitupu."

Mama ndivyo alivyo. Ukimpelekea msiba, anakupa kazi.

Alfajiri ya kuondoka Kisarawe mvua ilikuwa inanyesha, nami niliilaani njia nzima mpaka stesheni ya Pugu, maana nilikuwa na furushi kichwani: unga wa muhogo, nazi, na papa mkavu wa kumnenepesha mtoto. Wote mnamjua papa. Mle ndani ya gari la moshi nafasi ilipatikana upesi, kwa kuwa kila aliyekaa karibu nami alikumbuka ana ndugu yake mbele. Mjerumani wa tikiti alipita, akanusa, akasema jambo kwa lugha yake ambalo namshukuru Mungu silijui.

Morogoro tulilala, na kulipokucha tukaendelea. Hadi Kilosa nilikuwa bado naona majani nikasema hawa watu wa bara wanapenda kulalamika. Baada ya kuipita milima nikanyamaza. Ardhi ilikuwa nyekundu, miti imebaki miiba mitupu, na upepo unaingiza vumbi dirishani hata ukitafuna mate unasikia mchanga. Mito tuliyoivuka ilikuwa mchanga kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Nilimuuliza abiria mmoja maji ya mto yamekwenda wapi. Akanijibu kwamba yapo chini, yamelikimbia jua, kama mtu yeyote mwenye akili.

Dodoma tulifika jioni. Danieli hakuja kunipokea, alimtuma jirani yake na punda. Huyo ndiye Ndahani, Mgogo mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa mpaka yananing'inia, kaniki imefungwa begani. Kiswahili alikipata zamani kwenye kubeba mizigo ya misafara, na alikisema vizuri, polepole, kama mtu anayechagua mtama. Alinisalimia, "Mbukwa." Mimi, kwa kutojua, nikamjibu "Marahaba," mtu ambaye umri wake unaukaribia wa baba yangu. Akacheka mpaka punda akageuka kutazama. Nikamwamkia shikamoo haraka, lakini kazi ilikuwa imekwisha kuharibika, na mpaka naondoka Ugogo alikuwa akiniita "mama yangu mkubwa."

Kikuyu, si mbali na mji, tulilala kwa Mkristo mmoja ambaye ni mwema lakini ana kunguni. Asubuhi tukashika njia ya kaskazini. Ndahani aliniuliza habari za kwetu, nikamwambia mvua haina adabu, inanyesha hata siku za harusi. Alitingisha kichwa. Kisha akauliza nimekuja kwa jambo gani jema, nami bila kuzunguka nikamwambia: nimekuja kumchukua mtoto wa mwalimu, nimtoe kwenye ukame huu.

"Mwalimu anajua?" akauliza.

"Atajua nikifika."

Baada ya hapo hakusema tena mpaka jua lilipoanza kuinama. Mimi niliona nimemkata maneno kwa busara yangu, nikajisikia vizuri juu ya punda.

Kwa mwalimu tulifika tukiwa tumebadilika rangi kwa vumbi. Anakaa kwenye tembe, nyumba ya huko yenye paa bapa la udongo, nami nilianza kwa kuigonga boriti kwa kichwa. Rebeka, wifi yangu, alinikumbatia nikasikia mifupa yake yote. Akaniletea kibuyu cha maji. Kwa kuwa nililelewa vizuri, nikanawa uso, nikanawa mikono, na yaliyobaki nikamiminia miguu. Nilipoinua macho wote walikuwa wanaitazama miguu yangu. Danieli akasema taratibu, "Dada, hayo yalikuwa ya kunywa mpaka kesho mchana." Nilitamani ardhi ipasuke, nayo ilikuwa imekwisha kupasuka, nafasi ilikuwepo.

Tabita alinisogelea akaninusa papa. Jamani, mtoto alikuwa amekonda. Magoti yalikuwa mapana kuliko mapaja. Nilimpakata, nikawaambia wazazi wake palepale kwamba naondoka naye. Danieli aliinamisha kichwa, lakini Rebeka akasema mara moja, "Mchukue, wifi. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba aje mtu." Basi nikaona safari yangu imekwisha, imebaki kupumzika na kufunga mzigo.

Asubuhi ya pili Danieli alikwenda shuleni kama kawaida yake. Shule ni banda la miti na udongo, mabenchi ya magogo, na kipande cha reli kilichoning'inizwa ndicho kengele. Watoto wake walikuwa ishirini na kitu, akijivunia kwamba hata njaa haikuwavunja. Aligonga reli. Hakuja mtu. Akagonga tena, kwa hasira kidogo. Alikuja mbuzi mmoja, akatazama, akaondoka. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na Tabita peke yake alikaa benchi la mbele akisoma silabi kwa sauti kubwa ili baba yake asijisikie vibaya.

Hapo mdogo wangu alianza kukonda kuliko mtoto. Padri, aliye juu ya shule zote za upande ule, alikuwa anakuja Jumatatu kukagua, na alikuwa amekwisha sema kwamba shule isiyo na watoto ataifunga, mwalimu atarudishwa kwao. Danieli ameifanya kazi ile miaka yote ya ndoa yake. Akaanza kusema labda ni shetani, labda ni mganga wa mvua amewakataza. Jumapili alihubiri kuhusu kondoo waliopotea kwa wasikilizaji watatu, nami nilikuwa mmoja wao, na Rebeka wa pili.

Jumapili hiyo mchana nilifuatana na Rebeka mtoni kuteka maji. Usidhani ni kuinama na kuchota. Wanawake wamechimba mashimo katika mchanga, marefu kupita kimo, mmoja ndani, mmoja juu, na maji yanatoka kwa kata moja moja, tena uyangoje yajikusanye. Mke wa Ndahani alikuwa amekaa ukingoni na binti yake, Nyemo, aliye rika moja na Tabita. Nyemo pia alikuwa mwanafunzi. Nikamuuliza mama yake, kwa ukali wa mtu wa pwani, kwa nini wanamfedhehesha mdogo wangu.

Hakukasirika. Aliniambia, huku Nyemo akisaidia maneno ya Kiswahili, kwamba kwao mtu mwenye akili hakai na ng'ombe wake wote zizini. Anaweka wawili kwa rafiki huku, watatu kwa rafiki kule, na rafiki anakunywa maziwa na kuwatunza. Ukame ukipiga huku, kule watapona. Na yule rafiki naye huweka wake kwako. Hivyo ndivyo watu wanavyojua kwamba ni marafiki: kila mmoja ana kitu chake kinachopumua ndani ya boma la mwenzake.

"Sasa mwenzako akija kuondoa ng'ombe wake kwako katikati ya ukame," akasema, "wewe unaelewa nini?"

Nikasema ninaelewa kwamba anaona watakufa.

"Na kwamba urafiki umekwisha. Sisi tumeweka watoto wetu kwa mwalimu. Yeye ana mmoja tu, ndiye aliyemweka kwetu. Umekuja kumwondoa. Nasi tumeondoa wetu."

Nilikaa juu ya mchanga. Habari nilikuwa nimeitangaza mwenyewe, juu ya punda, kwa majivuno, na Ndahani hakuwa na haja ya kutumia muda mrefu kuifikisha kila boma. Nilisema mtoto si ng'ombe. Mama Nyemo akanitazama kwa huruma akasema ndiyo maana wameona vibaya zaidi.

Jioni ile palikuwa na maneno nyumbani. Niliwaeleza, na Danieli akafunika uso kwa mikono. Alikuwa amekaa Ugogo miaka yote hiyo akidhani watoto wanaletwa na mahubiri yake. Nilitaka kumcheka, lakini macho yake yalinikataza. Alisema, "Shule ifungwe. Siwezi kumzuia mtoto afe kwa ajili ya mabenchi." Nami nilimpenda sana mdogo wangu saa ile, nikaanza kufunga mzigo.

Kabla hatujala akaja Ndahani na mkewe na Nyemo. Alikaa, akakohoa, akaniuliza mimi, wala si mwalimu, kama kwetu kuna maji. Nikasema yapo, hata tunayalaani. Akasema ng'ombe wake wako mbali kidogo na pale, penye majani kidogo, na majike mawili bado yanatoa maziwa. Tabita akae nyumbani kwake, anywe maziwa yale mpaka mvua, asubuhi aje shule na wenzake. "Na mimi," akasema, "nitaweka Nyemo kwako, mama yangu mkubwa. Huku kukifa, kwenu atapona. Kwenu kukifa, Tabita atapona huku."

Wote tulimtazama Rebeka, kwa kuwa ndiye aliyezaa. Alilia kwanza, bila kujificha. Halafu akamuuliza mama Nyemo, "Wewe utaweza?" Yule mama akasema hataweza, lakini atafanya. Rebeka akasema, "Basi na mimi."

Jumatatu padri alifika juu ya punda mweupe, akakuta mabenchi yamejaa, watoto wanaimba mpaka vumbi linadondoka darini. Alimshika Danieli mkono akamwambia ameona matunda ya mahubiri. Danieli akaanza kusema kweli, maana ndivyo alivyo, nikamkanyaga mguu.

Safari ya kurudi, Nyemo alipanda punda hadi Dodoma. Kabla hatujaondoka mama Nyemo alinipa masharti machache: binti yake hali samaki, kwao samaki ni nyoka wa majini, asilazwe karibu na mlango, na asikatazwe kuimba. Nyemo hakulia stesheni. Alilia Kilosa, alipoona majani mengi vile hayana ng'ombe wa kuyala, akasema ni uharibifu. Nilimkumbatia, nami nikamlilia Tabita, na abiria wakadhani tumefiwa. Kipande cha papa nilichokisahau furushini nilikigawa Morogoro, nikapata marafiki ambao sikuwapata wakati wa kwenda.

Kisarawe tulifika mvua ikinyesha. Nyemo alisimama katikati ya njia akafungua mdomo juu, na hakukubali kuondoka. Mama yangu alitoka barazani mbio, uzee wote akiuacha mlangoni, akamshika mtoto, akamgeuza uso, akamwangalia. Kisha akaniangalia mimi.

"Huyu ni nani?"

"Ni Nyemo. Tumewekewa."

"Tabita yuko wapi?"

"Naye tumemweka. Kwa wazazi wa huyu."

Nilimweleza yote, nikiwa nimesimama mvuani kwa kuwa hakunikaribisha ndani. Mama hakusema nami siku nyingi. Alinipa chakula kwa kunisukumia sahani. Lakini alimpikia Nyemo kisamvu bila dagaa tangu usiku wa kwanza, na nilimsikia akimuuliza Nyemo kwamba Tabita anapenda kulalia upande gani, maana walikuwa wamelazwa pamoja kwao kabla hatujaondoka, naye anajua.

Kama mnataka kujua nilijifunza nini Ugogo, msiniulize mimi, mtazameni mama yangu. Mtu huyu maisha yake yote hakujali mvua inanyesha wapi maadamu muhogo wake umelowa. Sasa mtu yeyote akishuka garini kutoka bara, mama anamwahi njiani kabla hajapewa maji, anamuuliza Ugogo pamenyesha? Kanisani padri akisahau kuitaja Ugogo katika maombi, anakohoa mpaka itajwe. Na juzi, masika ilipotushukia usiku na mchana hata mashimo ya choo yakajaa, nilimkuta amesimama mlangoni, amemfunika Nyemo kwa kanga yake, anazungumza na mbingu kwa sauti ile anayowasemea wachuuzi.

"Sisi imetutosha, Baba," alikuwa akisema. "Hii nyingine ipeleke kule. Kuna mtoto wangu kule."