Kisanduku cha Buni

Nyumbani kwa bibi, Izimbya, chombo kipya cha kusukwa hakikusifiwa kabla ya kujazwa ulezi. Bibi alikijaza mpaka mdomoni, akakiinua juu ya mkeka mweusi, akakitikisa mara tatu. Punje ikidondoka, hata moja, alichukua kisu cha kumenyea ndizi akakipasua chombo toka mdomo hadi kitako. Kisha aliyekisuka aliinama kuokota ulezi.

Shangazi yangu, kitinda mimba wa bibi, ndiye aliyeinama mara nyingi zaidi. Alikuwa amerudi kutoka kisiwa kimoja cha Muleba alikoolewa na mchuuzi wa samaki, akafukuzwa kwa kukosa mtoto. Alilolitaka pale nyumbani lilikuwa moja, na aliniambia waziwazi: mgeni akija, aletewe buni za kutafuna ndani ya chombo alichokisuka yeye. Kwetu mgeni hupewa buni hata kabla hajamaliza salamu, na kile kikapu kidogo, akaibo, humwambia nyumba hii ina mwanamke wa namna gani. Akaibo yetu ilisukwa na mama yangu, ambaye pale ni mkwe tu.

Nafanya kazi mjini Bukoba, nakaa Kibeta, na kila Jumamosi nilikwenda Izimbya. Kwa macho yangu niliona vyombo saba vya shangazi vikipasuliwa.

"Hiki kinanuka," bibi alisema juu ya kimoja, maana shangazi alikikaza kwa uzi wa nyavu aliokuja nao. "Mke wa dagaa, umetuhamishia ziwa ndani?"

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walicheka. Nami nilicheka.

Cha saba nilikiokota baada ya kupasuliwa nikakichunguza. Mshono ulikuwa mzima pande zote. Punje ilitokea juu, mdomoni mwa chombo, kwa sababu bibi alijaza kupita kiasi, niliiona ikiruka. Sikusema. Bibi alikuwa bibi, na chai ilikuwa tayari.

Baada ya hapo shangazi aliacha vyombo vya wazi. Akaanza kusuka visanduku vya nyuzi za mgomba, vyenye mifuniko, vya maumbo ambayo hatukuwahi kuyaona: kimoja kama mtungi uliolala ubavu, kingine kama mtu aliyechuchumaa, kichwa chake ndicho mfuniko. Mwenye duka mmoja wa Bilele, kule mjini, alivipanga dirishani aviuze. Bibi hakuonyeshwa hata kimoja.

Kisha baridi yabisi ikamshika bibi mikononi. Vidole vilijikunja vikabaki hivyo. Kisu hakukishika tena. Raha iliyombakia ilikuwa kutafuna buni, kwa meno machache aliyojivunia.

Jumamosi moja aliomba buni. Shangazi alimletea kile kisanduku cha mtu aliyechuchumaa, akakiweka mapajani mwake.

"Fungua," bibi alisema.

"Fungua mwenyewe, Mama. Vyombo vyangu si vinavuja? Kitikise, zitatoka zenyewe."

Bibi alijaribu kwa viganja, mfuniko ukazunguka bila kutoka. Akanigeukia.

"Mjukuu wangu, waitu, tafadhali nisaidie."

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono tu.

"Huyo mwache," shangazi alisema. "Kazi yake kutazama."

Nikabaki nikitazama. Bibi alikiinua kisanduku kwa mikono miwili iliyokunjamana, akakitikisa mara tatu, kwa mazoea. Tulisikia buni zikigongana ndani. Akauma mfuniko, akaacha mate juu ya zile nyuzi. Mkeka ulibaki mtupu.

"Hakivuji," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Sema wifi yangu asikie kule jikoni."

"Mwanangu, buni zangu."

"Sema, Mama."

"Hakivuji!" bibi alipaza sauti, ikakatika katikati. Jikoni mama yangu aliacha kumenya.

Shangazi alifuta yale mate kwa ncha ya kanga yake. Akakichukua kisanduku, kikiwa bado kimefungwa, akaenda nacho hadi kwenye rafu ya ukutani. Akaishusha akaibo ya mama yangu, akakiweka kisanduku mahali pake.

"Hizi ni za wageni," alisema, akaenda kumenya ndizi.