Askari Anayenyata Sebuleni Kwangu

Nyinyi watoto mtakaosoma haya, wangu na wa jirani, kaeni vizuri na hizo simu wekeni chini kwanza. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Babu yenu ameniruhusu niandike. Kusema mwenyewe hataki, na nyinyi msimuulize.

Mjukuu wetu wa kike alipomaliza mtihani wa kidato cha nne, mama yake alimtuma kutoka Tanga aje akae nasi huku mlimani akisubiri majibu. Alifika na mashine yake ya gemu ameifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Nikamwambia, mke mwenzangu, huku tunachuma chai na kukata majani ya ng'ombe, hiyo ya kwako inakula nini? Akasema inakula umeme tu, bibi. Akaiunganisha kwenye televisheni ya sebuleni, pale pale tunapofanyia sala ya jioni.

Alikuwa na gemu moja analolipenda kuliko yote, nalo lina sehemu nyingi, kila sehemu na vita yake. Askari mmoja anatumwa peke yake nchi ya watu. Hapigani kwa makelele kama kwenye sinema. Ananyata. Anatambaa kwenye majani, anajibanza nyuma ya magunia, anamjia mlinzi kwa nyuma na kumkaba shingo. Mimi nilikuwa nakaa pale nachambua maharage na kumuuliza, maana kitu kikiingia nyumbani kwangu lazima nijue kinafanya nini. Nani kamtuma? Wakubwa wa serikali yake. Ana ugomvi gani na hao watu? Hana, bibi, ni amri tu. Na akikamatwa? Watasema hawamjui.

Nikasema basi hilo ni gemu la hovyo. Akacheka, akasema sijalielewa. Mwishoni askari anakuja kugundua kuwa waliomtuma walimdanganya. Yale mabomu aliyoambiwa ni ya adui, wakubwa wake ndio walioyauza. Walinzi wengine ni watoto waliookotwa njiani wakapewa bunduki. Ndiyo maana analipenda, kwa sababu halisifii vita. Tena, akasema, anayefika mwisho bila kuua mtu ndiye anayepewa sifa kubwa.

"Unaweza kumpita kila mtu, bibi. Ukiwa na subira tu."

Babu yake alikuwa mlangoni anavua mabuti. Hatukumsikia akiingia, yeye hasikiki. Akaja akaketi.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Babu yenu alichukuliwa kwenye mgambo akiwa kijana, akaenda vita ya Uganda. Alirudi mzima, mikono miwili, miguu miwili, na watu walicheza ngoma. Lakini alirudi na mwendo mwingine. Sisi huku nyumba ziko chini mteremkoni, njia zinapita juu ya mapaa. Ukija kwa mtu unauona ua wote kabla hujafika, mama anaogesha mtoto, mzee amejilaza. Kwa hiyo mwenye adabu akifika kona ya juu anakohoa, au anaita, akiitikiwa ndipo anashuka. Hilo hatufundishwi shuleni, tunakua nalo. Yeye aliacha kukohoa. Ghafla unageuka na sufuria ya uji mkononi, huyu hapa. Nimemwaga uji mwingi kwa ajili yake. Majirani walimtania kuwa ni paka, naye anacheka nao, halafu kesho anakuja vile vile. Nikazoea. Wala sikumuuliza huko alikotoka kulikuwaje, kwa sababu wake za wenzake waliouliza hawakujibiwa vizuri.

Sasa siku zile akawa anarudi mapema kutoka shambani, anakaa kwenye kigoda kutazama gemu, haongei. Mjukuu akafurahi, akawa anamtania, mume wangu, nikupe na wewe uendeshe? Anatikisa kichwa. Mara moja tu aliuliza.

"Huyu akirudi, anakwenda wapi?"

Mjukuu akasema hilo gemu halionyeshi, babu. Akirudi wanapiga muziki, majina ya waliolitengeneza yanapita, basi. Babu akainuka akaenda kuwapa ng'ombe majani, na ng'ombe walikuwa wamekwisha kula.

Asubuhi moja ukungu umeshika, babu alikuwa anakata gwatemala, majani ya ng'ombe, kwenye tuta chini ya nyumba. Mjukuu akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Mtoto wa mjini, nani alimwambia habari za kukohoa? Akavua kandambili, akashuka ananyata kama askari wake, akamkaba shingo kwa nyuma. Mchezo tu na babu yake.

Mimi nilisikia ukelele nikiwa jikoni. Nilipofika, mjukuu amekaa kwenye matope, sweta limepasuka begani, damu kidogo, mkwaruzo. Babu amesimama anautazama mundu mkononi mwake kama ni wa mtu mwingine. Kisha akautupa bondeni, akapanda juu, akatupita bila kutuangalia.

Hakurudi. Alihamia kwenye kibanda cha kule kwenye chai, tunapoweka matenga ya kuchumia. Mama wa mtoto akapiga simu kwamba anakuja kumchukua mwanawe, na kwamba baba si mtu wa kukaa na watu. Shemeji zangu wakasema mashine ina pepo, ichomwe. Mjukuu naye analia, anasema kosa ni lake. Kila mmoja alikuwa na neno. Mimi nilikuwa naona kitu kimoja, kwamba mume wangu anakwenda kuzeekea kwenye kibanda kama mlinzi wa matenga, na wajukuu wake watakua wakimwogopa.

Nikampelekea chakula. Nilipokaribia kibanda nikakohoa, kwa nguvu, mpaka akaitikia. Alikuwa amekaa mgongo umeegemea ukuta, uso mlangoni. Nikamnawisha. Alikula kidogo, akaacha. Nikamwambia mtoto hajambo, ni ngozi tu. Akasema anajua ni ngozi tu, lakini mkono wake haukujua. Nikanyamaza. Mwaka kwa mwaka nimenyamaza na mtu huyu, nimeshajua namna yake.

"Yule wa kule Uganda alikuwa anaosha sufuria," akasema. "Kijana. Hakunisikia. Kwenye gemu la mjukuu wako unaweza kumpita. Mimi niliambiwa nisimpite."

Nilikusanya vyombo, kisha nikaviweka chini tena. Baadaye akasema hawezi kurudi mahali ambapo mtu anaweza kumjia kimya.

"Anayekuja kimya ni wewe, mzee," nikasema. "Umetuzoesha sisi wote kuwa kimya. Mtoto amekuiga wewe kabla hajaiga gemu."

Kisha akauliza mundu wake mtu ameuokota au bado.

Sisemi kwamba alipona. Hata sasa kuna siku anakaa uso mlangoni na hataki kuitwa. Lakini jioni ile alishuka nami. Sebuleni walikuwa wote, mama wa mtoto amefika na begi la mwanawe liko miguuni, shemeji zangu na kiberiti chao, mjukuu ameikumbatia mashine. Wakaanza kuongea kwa pamoja. Nikawaambia wakae chini, na hakuna aliyebaki amesimama, hata wenye mvi.

Nikasema hivi: "Kuanzia leo hakuna anayeshuka kwenye ua huu kimya. Mkubwa kwa mdogo, mgeni kwa mwenyeji, ukifika kona ya juu unakohoa, unangoja uitikiwe. Na wewe mzee wangu, wewe wa kwanza. Begi lirudi chumbani. Kiberiti kirudi jikoni. Mashine itachezwa hapa hapa babu akiwepo. Na wewe mke mwenzangu, nisikilize vizuri. Askari wako akimkuta mtu anaosha vyombo, ampite."