Fundi Karatasi na Kompyuta Yenye Tumbo

Saa tatu asubuhi, mlango wa chumba cha nyuma uko wazi na mkasi unakula karatasi. Mezani kasha jeusi la kompyuta limelala ubavu, tupu kabisa. Mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni analaza ndani yake umbo la kadi ya michoro alilolikata sasa hivi, anainamisha kichwa, anaguna. Refu. Anajaribu umbo la kadi nyingine, fupi kidogo.

"Huyu kaingia," anasema, kama anayemsifia mtu.

Mtaa unamwita Fundi Karatasi, naye jina kalipokea. Miaka mingi alikuwa fundi cherehani, hodari wa magauni ya wajawazito, mpaka nguo za dukani zikamnyang'anya wateja. Mpangaji mwenzake aliyekuwa akiunda kompyuta za michezo akamfundisha kazi hiyo kabla ya kuhama. Fundi akabadili kazi, ila mkasi hakuuacha. Kabla mteja hajanunua kifaa, yeye hukikata kwanza kwenye karatasi kwa vipimo vya kiwandani, akakijaribisha ndani ya kasha.

Wateja wake ni watu wa bajeti ya kati, wasiotaka takataka wala fahari. Anasema wengi humjia macho yakiwa yameganda kwenye kadi tu, ile inayochora picha za mchezo. "Mtu anamaliza pesa yote kwenye kadi, halafu prosesa, ubongo wenyewe, ananunua ya kinyonge. Kadi inakaa pale inasubiri kazi haiji."

Mengine humweleza mteja polepole. Prosesa iendane na soketi ya bodi, ubao unaobeba vifaa vyote, kama kitufe na tundu lake. Kumbukumbu iwe ya kizazi kile bodi inachokipokea. Kifaa cha umeme kiwe na nguvu ya akiba, si ya kubanabana. Mwandishi wa makala haya, ambaye hata chaja yake humpotea, alielewa yote kabla chai haijapoa.

Lakini kazi anayoikumbuka kuliko zote ni ya bibi mmoja, mkunga mstaafu, aliyeingia akiwa na mkoba kwapani na kutangaza kwamba anataka kompyuta ya kuendeshea magari ya mashindano. Fundi akadhani ametumwa. Hapana, alitaka kucheza mwenyewe.

Binti yake alikuwa amefariki, na mkwe akaenda kufanya kazi nchi ya mbali pamoja na mtoto, mjukuu pekee wa kike. Kwenye simu mtoto alijibu "nzuri" na "sawa", basi. Ila baba yake alimwambia bibi kwamba akiwa kwenye mchezo, akiongea na wenzake, mtoto huyo hanyamazi. Bibi akatoa sehemu ya kiinua mgongo chake. Jumamosi mjukuu angetimiza miaka kumi na mmoja, na bibi alikuwa amemwahidi kwamba watakutana barabarani, kwenye magari.

"Mwanangu, sitaki ushindi," alimwambia Fundi. "Nataka nimsikie akiongea."

Maneno hayo yalimkaa Fundi moyoni. Alichagua kadi ya wastani na skrini kubwa kwa ajili ya macho ya bibi. Penye kipoza cha prosesa akaacha kile kidogo chenye kelele, akachukua kirefu chenye feni kubwa inayozunguka taratibu, ili mlio wake usimeze sauti ya mtoto. Akakata karatasi, ikakaa vizuri. Vifaa vikanunuliwa, vikafungwa.

Ijumaa mchana, alipokuja kufunika kasha, kifuniko cha kioo kikagoma. Kipoza kilikuwa kimechomoza kama upana wa kidole.

Ndipo alipoliona kosa lake, kosa la fundi nguo hasa. Karatasi ina urefu na upana, haina kimo, na kipoza husimama juu ya bodi kama mnara. Alikaa chini akajisikia vibaya sana. Duka halipokei kifaa kilichokwisha kufungwa. Kurudi kwenye kipoza kidogo ilikuwa kumrudishia bibi kelele ileile. Kuacha kasha wazi ilikuwa kualika vumbi na mende.

Mwishowe akafunua cherehani yake iliyokuwa imegeuka meza ya kuwekea vikombe. Akatafuta kitambaa cha wavu, akakikata kwa kipimo cha kifuniko, akakipindia kwenye fremu nyembamba. Pale penye kipoza akaweka mikunjo, ileile aliyokuwa akiwawekea wajawazito nguo zisiwabane. Hewa ikapita, vumbi likabaki nje, na kasha likatoka na tumbo.

Jumamosi alilipeleka mwenyewe, kichwani ana maneno ya kuomba radhi. Hakupata nafasi ya kuyasema. Mkunga aliinama, akapapasa lile tumbo kwa viganja viwili, taratibu, kama alivyopapasa mengi maishani.

"Huyu amekaa vizuri," akasema. "Mwashe."

Sasa Fundi hukata maumbo yake kwa sponji, yenye kimo. Ana ndoto ya kuhamia chumba cha mbele na kuweka viti viwili, ili wazee kama yule bibi wajifunze kucheza kabla ya kubeba mashine nyumbani. Ameshampata mwalimu, bibi huyohuyo, ingawa mwalimu mwenyewe bado anagonga kuta za mchezo.

Jumamosi ile bibi aligonga kila ukuta uliokuwepo. Mjukuu akacheka mpaka akakohoa, akamfundisha breki, akamsimulia jino lililong'oka na mwalimu anayenuka vitunguu. Kisha, gari likiwa limesimama, akasema rangi hii ya njano mama angeipenda. Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, anasema feni haikusikika hata kidogo, na yeye alilia bila aibu.

"Angeipenda sana," bibi akajibu. "Endelea, mama, nakusikia."

Kabla ya kuzima, mtoto aliuliza kama kesho atamkuta. Bibi akamgeukia Fundi, akamuuliza kwa sauti ya chini namna ya kuiacha mashine ikiwa imewashwa.