Nanga Niliyoisaga Mno

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Nachingwea, na sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kuunguza vipande vya nondo mpaka mkono ukazoea. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia, "Hapo basi, acha." Nadhani ndiyo maana siachi.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mkulima wa korosho Lionja. Mwaka juzi aliwaachia ndugu zake shamba, akahamia Lindi na dada, akanunua boti ndogo ya kuvulia samaki kwa mshipi. Siku moja nanga yake ya kuazima haikushika. Boti ikasukumwa hadi kwenye miamba, naye akarudi amechubuka kifua. Dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, mtengenezee nanga inayoshika. Huyu hajui kuogelea, anajua kupalilia mikorosho tu."

Sikuwahi kutengeneza nanga. Nikajibu, "Hiyo kazi ndogo."

Nilitengeneza ya makucha manne. Kila nilipochomelea palibaki uvimbe, nami uvimbe siuvumilii. Nikasaga kwa grenda mpaka huoni chuma kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi, kisha nikapaka rangi ya fedha.

Shemeji alipokuja aliizunguka mara mbili. "Shem, hii ya baharini au ya sebuleni?"

Tukaenda kuijaribu kwenye mchanga wa mto uliokauka. Alifunga kamba kwenye pikipiki, akaondoka polepole. Nanga ikarukaruka nyuma yake kama kuku aliyefungwa mguu. Nilipoinama kutazama nikaelewa: kamba ilivuta kwenda juu, ikayanyanyua makucha badala ya kuyazamisha. Palihitajika mnyororo mzito wa kulala chini kabla kamba haijaanza.

Nikaufuata Ruangwa. Dukani kulikuwa na mnyororo mpya unaong'aa, mwembamba kama wa kufungia mbwa. Kwa muuza vyuma chakavu kulikuwa na mnene, wenye kutu, uliowahi kuvutia mawe machimboni. Nilijua ni upi unaofaa, lakini nilirudi dukani mara tatu kuushika ule mpya. Mara ya tatu muuza chakavu akaniuliza, "Fundi, unanunua mnyororo au unachumbia?"

Nikaugonga kwa nyundo pete moja moja. Kutu ilikuwa ya juu tu. Pete mbili zilizolika nilimwambia azikate, nikachukua kipande chenye urefu wa boti. Nilikinyanyua kwanza, kuhakikisha shemeji ataweza kukivuta kwa mikono yake.

Tuliporudi mtoni, mnyororo ulilala, makucha yakazama, pikipiki ikagoma kwenda. Nikapiga makofi. Shemeji akaongeza mafuta kidogo, pakalia *ta!* Ukucha mmoja ulikuwa umekatika, palepale nilipopasaga vizuri kuliko pengine pote.

Shemeji alizima pikipiki. Mara hiyo hakuwa na utani, na hilo lilinitisha.

"Nilisaga mno," nikasema. "Niliondoa chuma kilichokuwa kinaushikilia."

"Kwa nini?"

"Ipendeze."

"Impendeze nani, shem? Samaki?"

Akacheka mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa mchangani, namwona yuko majini na nanga yenye makucha matatu, na dada anasubiri nyumbani. Nilikuwa nimeahidi kumlinda mtu, kisha siku tatu nzima nikajilinda mimi, nisionekane fundi wa vichochoroni.

Nilichomelea upya makucha yote, kwa tabaka juu ya tabaka. Grenda nilimpa fundi cherehani jirani akae nayo, kwa maana sikujiamini. Nanga ikatoka na mauvimbe kama aliyeng'atwa na nyuki. Tukaivuta mtoni mpaka pikipiki ikazimika mara nne. Haikukatika kitu.

Siku shemeji alipoitumia kwa mara ya kwanza sikufanya kazi yoyote. Mchana dada akapiga simu: mumewe amerudi, upepo ulikuwa mkali, boti haikusogea.

Nikamuuliza kama ameangalia pale nilipochomelea, kama kuna ufa.

"Sijaangalia nanga," akasema. "Nilikuwa namwangalia yeye."